Muda wa Kusubiri Nilioukata

Kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ila mama yako asisikie hilo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuoni Dar es Salaam, nimerudi kwetu Tarime na kompyuta begani na maneno mengi mdomoni. Minara ya simu ilikuwa haijafika vijijini. Zahanati za kule ndani, upande wa Kenyamonta na Nyansurura, ziliwasiliana na hospitali kwa redio zilizounganishwa na kompyuta. Muuguzi anaandika ujumbe, kompyuta inaukata vipande vidogo, tunaviita pakiti, inavipa namba na kuvirusha hewani kimoja kimoja. Kipande kikifika, upande wa pili unajibu kwamba umekipata. Jibu lisipokuja, kinarushwa tena. Ulikuwa utaratibu wa zamani, hata walimu wetu chuoni waliucheka.

Kompyuta mpya zilipoletwa, hazikuujua utaratibu huo. Nikapewa mimi kazi ya kuuandika upya ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa dogo linazimisha mashine nzima. Niliandika miezi mitatu. Acha nijisifu kidogo: ilikuwa kazi nzuri, isipokuwa sehemu moja. Maelezo ya zamani yalisema mashine isubiri jibu sekunde kadhaa kabla ya kurudia. Nikaona walioyaandika walikuwa wazembe. Mezani kwangu, mashine mbili zikiwa zimeungwa kwa waya, jibu lilirudi kabla sijapepesa jicho. Nikaukata ule muda hadi nusu sekunde.

Fundi wetu wa redio alikuwa Mzee Nyamhanga, mtu mpole asiyependa maneno. Aliniuliza swali moja tu. "Mura, umejaribu kule milimani?" Mura ndivyo tunavyomwita kijana kwa Kikurya.

Nikamjibu, "Mzee, hesabu hazibadiliki kwa sababu ya mlima."

Akatabasamu, akaendelea kufunga nyaya zake. Tabasamu lile linaniuma mpaka leo.

Tukauweka mfumo wangu katika zahanati zote. Wiki iliyofuata mimi na Mzee tulikuwa zahanati moja ya upande wa Kenyamonta, mchana, nikimfundisha muuguzi jinsi ya kuutumia. Aliitwa Dada Upendo, alihamishiwa kwetu kutoka Iringa. Mara akaletwa mama mmoja, Bhoke. Alikuwa amejifungulia nyumbani asubuhi na damu haikukatika. Dada Upendo akamwekea dripu, kisha akaniambia bila kupaza sauti, "Kaka, omba gari la wagonjwa hospitali. Sasa hivi."

Nikaandika. Kompyuta ikaonyesha: inatuma. Ikabaki hapo hapo. Nikasema, "Subirini kidogo, itapita." Nilisema hivyo mara tatu.

Mzee Nyamhanga akasogeza sikio kwenye redio. "Zinakatizana," akasema.

Jibu la hospitali lilipitia kituo cha mlimani, kinachopokea ujumbe na kuurusha tena, na lilihitaji muda. Mashine yangu haikulingoja. Ilirudia ujumbe, na ilipokuwa inarudia haikuweza kusikia. Zahanati nyingine nazo, zikiwa na mfumo wangu uleule, zilirudia ujumbe wao juu yake. Mzee alishika kipaza sauti aite kwa mdomo, lakini katika kelele ile hakuna aliyemsikia.

Akakiweka chini, akatoka barabarani, akasimamisha pikapu iliyobeba mahindi. Tukashusha magunia, tukatandika godoro, tukampandisha Bhoke. Dada Upendo akapanda naye, ameinua chupa ya dripu. Mimi nikabaki nimesimama na magunia ya watu.

Alifika akiwa hai, mwanangu. Aliongezewa damu, akapona. Lakini daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wasingemuwahi.

Nilitegemea Mzee angenigombeza. Kesho yake alinipa hedifoni na saa. "Leo hugusi kompyuta," akasema. "Sikiliza kila kituo kinachukua muda gani kujibu, uandike."

Nilisikiliza siku nne. Kituo kimoja kilikuwa na betri iliyochoka, kingine ujumbe wake ulizunguka kupitia milima miwili. Kila kimoja kilikuwa na mwendo wake. Nikaiandika upya ile sehemu: mashine ipime yenyewe muda ambao kila kituo huchukua, na ikikosa jibu, isubiri zaidi kabla ya kurudia tena.

Nilipomaliza, Mzee akaniambia, "Bado yule mama."

Nilimkuta Bhoke uani kwake, ananyonyesha. Nikamweleza yote. Hakujua kiini cha mfumo ni kitu gani, lakini alinielewa.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilikuwa nakuangalia unavyoibonyeza ile mashine, moyo ukatulia. Nikajua unaniitia gari."

Nilishindwa kumtazama. Nikamwomba anisamehe.

Akamhamishia mtoto titi la pili, akauliza, "Sasa hivi inasikia?"

"Ya hapa kwenu inasikia."

"Basi nimekusamehe. Ila usikae hapa, nenda ukatengeneze na za wengine."

Mwanangu, wewe nawe sasa unaandika programu zitakazotumiwa na watu usiowajua. Usiridhike na majaribio ya mezani kwako. Nenda mahali kazi itakapotumika, ukae hapo, usikilize. Ukikuta jambo la zamani linalokushangaza, tafuta kwanza aliyeliweka alikuwa ameona nini, kabla hujalifuta. Mtu mzima akikuuliza swali kwa upole, usiharakishe kumjibu. Huenda anajaribu kukuokoa. Na ukikosea, kurekebisha mashine hakutoshi. Mfuate uliyemkosea, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Hilo ndilo gumu, na ndilo lililonikomaza mimi.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe wakubwa watakaokurekebisha bila kukuvunja moyo. Na kila atakayeita kwa kupitia kazi yako, popote alipo, asikiwe.