Siku Mama Alipomwita Ndugu Yake Mheshimiwa

Mjomba wangu alipogombea udiwani, aliyemtembezea kampeni zaidi ya mtu yeyote ni mama yangu. Mjomba alikuwa mdogo wake wa mwisho, naye mama ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake wenziwe, "Huyu nnamjua, hatonitia aibu." Wakampa kura.

Mwaka wa pili wa udiwani wake, halmashauri ikatoa fedha za kuezeka upya chumba cha kujifungulia katika kituo chetu cha afya. Mabati yakaja, mafundi wakapanda, na Mjomba akatangaza msikitini baada ya sala kwamba kazi imekwisha. Tulifurahi sana.

Masika yakaingia, na dada yangu akashikwa na uchungu. Alijifungua salama pale kituoni, mtoto wa kike, lakini maji ya mvua yalikuwa yakimdondokea kitandani, na mama akasimama muda wote amemtandia buibui lake mwenyewe. Alirudi nyumbani amelowa chapachapa.

Asubuhi Mjomba akaja kutoa mkono wa heri. Mama akamtilia chai.

"Lile paa umeliona?" akamuuliza.

"Nimeliona, dada. Limekwisha."

"Umeliona ukiwa ndani au ukiwa nje?"

Mjomba akacheka. "Mambo ya kazi tuyaache kazini."

"Haya," mama akasema. "Ntakuja kazini."

Hakuwa akitania. Sheha alipoitisha mkutano wa kijiji skuli, shangazi zangu walikuja kumsihi asimvunjie ndugu yake heshima mbele za watu. Damu ni nzito kuliko maji, walimwambia. Mama alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Na yule ntoto aliyezaliwa mvuani," akasema, "yeye si damu?"

Mkutanoni nilikaa nyuma yake. Mjomba alipomaliza kueleza mafanikio ya wadi, mama akasimama. Nilitazamia amwite "mdogo wangu", kama alivyomwita siku zote. Akasema, "Mheshimiwa Diwani." Watu wakageuka kumtazama. Hata Mjomba akabadilika uso, maana alijua kwamba mwenye kusema naye pale si dada yake tena, ni mpiga kura.

"Umesema paa ni jipya. Kituo hakipo mbali. Twende sote tukaliangalie."

Sheha akamtazama diwani, diwani akamtazama sheha, na wazee wa mbele wakawa wameshainuka. Tukatoka, kundi zima, tukapita kwenye tope.

Ndani ya kile chumba hapakuhitaji mtaalamu. Jua lilikuwa limetoka, na mwanga ulipenya paani kwenye matundu ya misumari ya zamani. Yalikuwa mabati yaliyokwisha kutumika mahali pengine, yakapakwa rangi juu na kuzibwa kwa lami ambayo mvua ilishaibandua. Mjomba aliinua kichwa akayatazama.

"Sikuingia humu," akasema. "Niliambiwa limekwisha, nikaamini, nikatia saini."

Mwanamume mmoja akaanza kumtukana. Mama akamnyamazisha kwa mkono. "Amesema kweli. Sasa atwambie atatenda nini."

Mjomba akaahidi pale pale kwamba mkandarasi aliyeezeka paa lile atarudi, na kwamba mabati yatakayoletwa yatafunguliwa mbele yetu kabla ya mtu kupanda ngazi. Mama akachaguliwa miongoni mwa watakaosimamia. Haikuwa kazi nyepesi. Mkandarasi alivunga, Mjomba akamfuata hadi mjini Mkoani, na mwisho suala likapelekwa kwenye kikao cha halmashauri, wazi, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyeliwasilisha. Mabati mapya yaliposhushwa, mama aliligonga kila moja kwa kidole kabla ya kuliruhusu.

Hadi leo wajawazito wa vijiji vya jirani huja kujifungulia kwetu. Nikipita pale mvua inaponyesha huwa nasimama kidogo barazani kuisikiliza ikipiga juu ya mabati.

Ramadhani ya mwaka ule, Mjomba hakufutari kwetu hata siku moja. Siku ya Idi akaja, amevaa kanzu mpya, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pita ndani."

Akala, wakazungumza habari za watoto, wakacheka. Alipokuwa akinawa mikono, mama akamsogezea taulo na kumuuliza vyoo vinavyojengwa skuli vimefikia wapi.

"Kesho nakwenda kuviona," Mjomba akajibu. "Nitaingia ndani."