Dakika Mbili za Gatwekera

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa mashine yoyote. Studio ilikuwa orofa ya pili ya jengo la mawe kule Kawangware, juu ya duka la misumari na rangi. Meneja, mwanamume wa maneno machache, alinipa karatasi na kalamu, akaniambia nishuke sokoni nikae saa nzima.

"Andika unachosikia," alisema. "Unachoona sikitaki."

Nilirudi na mistari mitatu: magari, watu, muziki. Alisoma akanirudishia. "Magari gani? Watu wanafanya nini? Rudi." Siku hiyo nilirudi sokoni mara nne. Mara ya mwisho niliandika ukurasa na nusu, na ndani yake kulikuwa na kisu cha mama aliyekata sukuma wiki, namna kilivyopunguza mwendo kila mteja alipokaribia. Meneja alifika hapo kwenye kusoma, akasimama. "Sawa," akasema. "Kesho uje mapema."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya fundi wa sauti, na sikuiacha hadi nilipostaafu juzijuzi. Naitwa Rispa. Nilizaliwa huko ziwani, nikaja Nairobi na mume wangu akitafuta vibarua, tukapanga chumba kimoja Kisumu Ndogo, Kibera. Kila asubuhi nilikwenda Kawangware kwa miguu.

Kwa miaka mingi tulirekodi harusi, ibada na mazishi. Hapo ndipo nilipojifunza kushika fimbo ya maikrofoni, ule mti mrefu unaoinuliwa juu ya vichwa vya watu ili maiki ikaribie mdomo bila kuonekana kwenye picha. Mabega yanauma wiki ya kwanza, halafu yanazoea. Nilijifunza pia kurekodi kimya. Kila mahali pana kimya chake. Cha kanisa la mabati si sawa na cha sebule yenye zulia. Kabla ya kufunga vifaa unawaomba watu wote wanyamaze dakika moja, unarekodi hicho kimya, na mhariri anakitumia baadaye kuziba mapengo. Maharusi wengi walidhani tumerukwa na akili.

Meneja alipozeeka na kufunga studio, niliajiriwa kufundisha sauti katika kituo kidogo cha mafunzo ya filamu Kianda, karibu na nyumbani. Mkuu wa Kituo alikuwa mama aliyewahi kufundisha hesabu, na alizipenda fomu kuliko chai. Kamera haikutoka mlangoni bila fomu, na fomu haikukamilika bila sahihi ya mwalimu.

Mtihani wa mwisho wa vijana wetu ulikuwa kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki: dakika mbili tu, hadi jina la filamu litokee. Ukisikia dakika mbili unaona ni kazi ndogo. Lakini ndani ya hizo dakika mtazamaji anatakiwa aogope bila kujua anaogopa nini, na asitake kuondoka. Nimewaona wanafunzi wakijaza bunduki, damu na moshi, na watu ukumbini wakicheka.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilisimamia kikundi cha watatu. Wairimu alikuwa mwelekezi, yaani ndiye aliyeamua kila picha. Baba yake ana ploti za kupangisha Kawangware, na msichana alikuwa na ule ujasiri wa mtu asiyezoea kuambiwa hapana. Achieng alishika kamera. Brayo, kijana mrefu wa mtaa wa Olympic mwenye sura ya upole, alikuwa mwigizaji.

Skripti yao ilikuwa hivi: kijana anakimbia kwenye vichochoro vya Gatwekera, humo humo Kibera, akiwa amebeba begi, anaangalia nyuma, hatujui anamkimbia nani. Wairimu alitaka kamera ifichwe.

"Madam, watu wakijua ni muvi watakaa wakicheka na kamera," aliniambia. "Mimi nataka zile sura za ukweli."

Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, mzee wa mtaa na wakazi wamejulishwa? Nililisoma. Nilijua jibu, na nilijua kwa nini swali liliwekwa. Lakini ilikuwa karibu saa tisa, mwanga wa alasiri ulikuwa mzuri, nao vijana walikuwa wamesubiri kamera wiki nzima. Nikatia sahihi.

Achieng alijificha na kamera ndani ya chumba cha rafiki yake, mwisho wa kichochoro. Mimi nilikaa katikati, nyuma ya kibanda kilichofungwa, hedifoni masikioni, maiki imeelekezwa njiani. Wairimu, akiwa huko huko na Achieng, alimpigia Brayo simu aanze.

Nilisikia viatu vyake vikija. Vizuri, nikajisemea, hatua zinasikika. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukielewa mara moja. Mama aliyekuwa akifua karibu yangu aliacha kufua. Redio ya kinyozi ikazimwa. Mafuta yaliyokuwa yakichemka kwenye karai la samaki ndiyo pekee yaliyobaki. Kichochoro kizima kilinyamaza kwa muda wa pumzi mbili hivi, halafu sauti ya mwanamume ikasema, bila hata kupaza, "Mwizi huyo."

Baada ya hapo zilikuja sauti nyingi. Nilivua hedifoni, nikakimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na fimbo ya maikrofoni mkononi. Nilipofika, Brayo alikuwa chini, begi limepasuliwa, na lilikuwa na magazeti ya zamani tu, lakini hakuna aliyeangalia. Jiwe lilikuwa limeshampata juu ya jicho. Nilimlalia.

"Huyu ni mwanafunzi wangu! Tunatengeneza filamu!"

"Filamu gani? Kamera iko wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Nami sikuwa na cha kuonyesha, kwa sababu tuliificha vizuri.

Aliyetuokoa ni Mama Adongo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, jirani yangu wa zamani. Alitua karai lake katikati ya watu, akasimama juu yetu miguu ameitanua. "Huyu mama namjua!" alipiga kelele. "Tumekaa ploti moja Kisumu Ndogo. Anayetaka kumgonga huyo kijana aanze na mimi!" Watu wakasita. Ndipo Achieng akatokea akikimbia, kamera ameinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akilia kwa sauti, na Wairimu nyuma yake. Mawe yakaanza kudondoka mikononi, moja moja.

Brayo alishonwa nyuzi saba na kidole chake kimoja kilikuwa kimevunjika, akalazwa siku mbili tatu.

Kesho yake Mkuu wa Kituo alituita ofisini. Fomu ilikuwa mbele yake.

"Nani aliamua watu wasiambiwe?"

"Ni mimi," Wairimu alisema. Alikuwa hajalala, nguo ni zile zile za jana.

"Basi umefeli. Na utaenda nyumbani."

"Mkuu," nikasema, "hiyo fomu ina sahihi yangu. Yeye ni mwanafunzi, anaruhusiwa kutojua. Mimi nilijua. Kama kuna barua, niandikie mimi kwanza."

Aliniandikia kweli, barua ya onyo, na ninayo mpaka leo. Kisha akamgeukia Wairimu. "Nawapa wiki mbili mtengeneze upya. Na siku ya kwanza mkirudi kule, msibebe kifaa hata kimoja. Mtabeba midomo yenu."

Tulirudi mimi na Wairimu, mlango kwa mlango, tukiongozwa na mzee wa mtaa ambaye hakuficha kwamba alitukasirikia. Wengine walitukaribisha viti. Wengine walifunga mlango tukiwa bado tunasema hodi. Kwenye ngazi ya udongo tulimkuta mwashi mmoja akila chakula cha mchana. Alituacha tumalize kueleza.

"Jiwe ni langu," akasema. "Mimi ndiye nilirusha. Hapa tumeibiwa mpaka sufuria. Nikaona mtu na begi anakimbia." Alisukuma sahani pembeni. "Mngekuja mkaniambia, ningewabebea hata hiyo kamera. Lakini mlinyamaza, mkajificha ndani ya nyumba, mkatuangalia. Karibu mnifanye muuaji. Halafu mwende kuonyesha watu sura yangu?"

Nilidhani Wairimu angejitetea. Aliketi chini kwenye udongo, mbele ya yule mwashi, akasema, "Ni kweli. Hivyo ndivyo nilifanya." Tulikaa pale hadi mwashi aliporudi kazini.

Sasa kulikuwa na jambo lingine. Siku ile nilipovua hedifoni, rekoda haikuzima. Ilirekodi yote. Wairimu aliisikiliza, akaja kwangu uso umebadilika. "Madam, hakuna mwigizaji anaweza kutoa sauti kama hizi. Tukiziweka mwanzo wa filamu, hakuna mtu atatoka."

Alikuwa sahihi. Hata mimi, fundi wa miaka hiyo yote, nilijua sitawahi kupata rekodi kama ile tena. Nilimwambia mimi si wa kuulizwa. Amuulize Brayo.

Brayo alikuja na bendeji kichwani. Alivaa hedifoni akasikiliza mpaka mwisho, akiwa ametazama ukutani. Alipozivua, alizungumza polepole.

"Mnasikia hapo nikiita matha?"

"Tunasikia ukimwita mama yako," Wairimu akasema.

"Sikujua kama niliita." Akaziweka hedifoni mezani. "Futa. Na mimi Gatwekera sikimbii tena, hata mnipe filamu yote."

Wairimu aliishika rekoda. Nilimwona akisita, na sitamlaumu, kwa kuwa kipaji chake chote kilikuwa kinamvuta upande mwingine. Halafu akafuta, Brayo akiangalia, kisha akamwonyesha kwenye kioo chake kuwa hakuna kitu. Ndipo Brayo akasema, "Sawa. Tunafanya nini sasa?"

Tulikuwa na siku tisa na hatukuwa na skripti. Mama Adongo akaja na wanawake sita kutusaidia kupiga kelele za umati, lakini kila wakianza walicheka wenyewe kwa wenyewe. Tulijaribu siku nzima, sauti zikatoka kama za watu walio harusini. Achieng alitaka tukate tamaa tupige picha za Brayo akitembea tu. Wairimu akakataa. Alinijia jioni nikiwa nakunja nyaya.

"Madam, siku ile, wewe uliogopa lini? Wakati walipiga kelele?"

Nikafikiri. "Hapana. Kabla. Waliponyamaza."

Akafungua daftari. "Niambie vile walinyamaza. Moja moja."

Nikamwambia: nguo, redio, mafuta. Akaandika.

Skripti mpya ilikuwa na chumba kimoja cha mabati na Brayo ameketi kitandani, mchana, akifunga kamba za viatu. Hakuna anayekimbia. Nje mtaa unaendelea na shughuli zake: mtu anafua, redio inacheka, samaki wanakaangwa, watoto wanahesabu mchezo wao. Brayo anafunga kiatu cha kwanza, kufua kunakoma. Anaanza cha pili, redio inazimwa. Anainua kichwa. Watoto wanaacha kuhesabu katikati. Mwisho mafuta nayo yanatulia, na kidole kimoja kinagonga bati, mara moja. Kisha jina la filamu.

Ili kuipata ilibidi mtaa mzima ufanye kazi nasi. Mzee wa mtaa alisimama njiani akiinua mkono, na kila akiinua, mtu mmoja anaacha alichokuwa akifanya. Tulirudia mara kumi na moja. Mara ya saba mbuzi aliharibu. Mara ya tisa mtoto mmoja alikataa kuacha kuhesabu kwa sababu alikuwa anashinda. Mwashi alikuja asubuhi akazuia watu wasipite, akashinda pale hadi jua lilipopoa. Brayo hakumsalimia, wala mimi sikumhimiza.

Tulionyesha filamu za vikundi vyote kwenye ukumbi wa kanisa Kianda, Jumamosi alasiri, na wakazi wa Gatwekera walipewa viti vya mbele. Ile ya Wairimu ilipoanza, watu walikuwa bado wanaongea na kutaniana, wengine wakijitafuta kwenye sauti. "Huyo anayefua ni mimi!" Redio ilipozimwa, nusu ya ukumbi ikanyamaza. Mafuta yalipotulia, niliweza kusikia feni ya projekta. Bati lilipogongwa, Mama Adongo alinishika paja akaniumiza kwa kucha.

Jina likatokea, taa zikawashwa, na watu wakawa wakali. "Na sasa? Ni nani anabisha?" Mzee mmoja alidai kuonyeshwa iliyobaki. Wairimu alieleza mara tatu kwamba hakuna iliyobaki, ni mwanzo tu, na alikuwa akicheka na kulia pamoja. Mkuu wa Kituo alipita karibu nami. "Imezidi kwa sekunde nane," akasema, akaandika kwamba wamepita.

Brayo hakuigiza tena. Muhula uliofuata alikuja darasani kwangu akaomba kushika fimbo ya maikrofoni. Nilipostaafu, yeye ndiye aliyepewa nafasi yangu, na nasikia wanafunzi wake wapya hutembezwa Gatwekera siku nzima mikono mitupu, wakijitaja majina na kusema wamekuja kufanya nini. Wairimu anatengeneza filamu zake mwenyewe sasa. Hunipigia simu kuniuliza habari za sauti, nami namwambia sikio langu la kushoto limeanza kuniacha. Anauliza hata hivyo.

Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza siri ya taharuki. Nawapa yote ninayojua kuhusu maiki, kimya na mahali pa kukata picha, hayo yanafundishika. Lakini pia nawasimulia kuhusu sahihi yangu. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini kazini, nikaona swali lililoandikwa wazi, nikalipita kwa sababu ya mwanga mzuri. Mwanga ule ulirudi kesho yake, saa ile ile, na keshokutwa pia. Brayo alikuwa kitandani hospitalini.