Pikapu Iliyokuwa ya Pamba

Miaka kumi na tisa Milembe alimwomba mumewe wakalale porini huko Meatu, waone nyumbu. Ndaki, fundi wa kuchomelea pale Bariadi, jibu lake halikubadilika: “Tukishauza pamba.” Milembe akafa pamba ikiwa bado shambani.

Ndipo mzee alipoigeukia pikapu yake. Akaijengea chumba cha bati nyuma, akafunga kitanda cha wawili, tangi la maji na sola. Nyuzi za pamba zilizonasa kwenye bodi alizichokonoa kwa bisibisi, kwa hasira.

Asubuhi ya safari, binti yake Gloria alimfungulia geti. Pikapu ikazunguka nyumba, ikasimama kando ya kaburi.

“Baba, barabara iko huku!”

“Naijua. Nampitia mama yako kwanza.”