Tuktuk za Stima na Maombi ya Kufunga

Nimechoka na mikutano. Nasema mapema ili mtu asidhani hii ni hasira ya siku moja. Huku kwetu Boito tumeitwa kutoa maoni juu ya maji, juu ya soko, juu ya taa za barabarani, na kila mara tumeandika majina, tumekunywa soda, tumerudi nyumbani.

Lakini ule mkutano wa tuktuk niliuendea na moyo wote. Kaunti ilikuwa imetuletea tuktuk mbili za stima kwa majaribio, na mimi, Mungu anisamehe, nilizipenda kuliko ng'ombe wangu. Mama yangu figo zimekataa. Husafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki. Akitoka pale hana nguvu hata ya kushika mwavuli. Kwenye bodaboda nilikuwa nakaa nyuma yake nimemfunga kwangu na leso, mlima mzima, asianguke. Tuktuk ilimchukua mlangoni akaketi kama mtu. Dereva alimwita Kogo, yaani nyanya, na kwenye mashimo alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Sasa waheshimiwa wa kamati ya barabara wakaja kuamua kama majaribio yaendelee au yaishe. Na siku waliyochagua ni siku ya kuchuma chai! Wamama wote wanaopanda tuktuk walikuwa kituoni wakingoja lori la majani chai. Mimi nilikiacha kikapu changu shambani. Ukumbini nikakuta watu wa bodaboda wamejaza safu ya mbele, kila mmoja na lake: zinaziba steji tunapoegesha pikipiki, zinatunyang'anya abiria, betri zikifa nani atanunua? Siwalaumu, nao wana watoto.

Nikainua mkono. Mwenyekiti akanitabasamia. "Mama, wewe tulia kidogo. Utatufungia na maombi."

Nikaushusha. Ndiyo, niliushusha mwenyewe, mjinga mimi. Kwetu mtu akiomba hakatizwi, hata aombe mpaka chai ipoe, nikaona heri maombi kuliko dakika mbili za maiki. Walipoinama wote, kofia mapajani, nikamweleza Mungu kila kitu: figo, mlima, wamama waliobaki kituoni. Nikamsihi aguse mioyo ya viongozi hawa, tuktuk ziendelee. Mheshimiwa mmoja akaitikia "Yesu!" katikati. Amina yao ilitikisa mabati. Nilifika nyumbani nikamwambia mama jinsi nilivyoomba, asiwe na wasiwasi, mambo yatakuwa sawa.

Baada ya wiki chache tuktuk hazikuja. Nikaenda ofisi ya wadi, na karani aliyeandika mkutano ule, mama wa makamo kama mimi, akanifungulia ripoti. Kila mtu wa bodaboda aliyesimama ameandikwa, na jina lake. Kisha: kwa kuwa hakuna abiria aliyetoa maoni, majaribio yasimamishwe.

"Na mimi je?" nikauliza.

Akafunua ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: mkutano ulifungwa kwa maombi.

"Si ni wewe huyu," akasema.

Alhamisi, siku yake ya kusafishwa damu, ilipofika, mama alikataa kutoka kitandani. Alisema pikipiki hapandi tena, na kama nataka kumwombea, nitoke nje.