Bibi Alivyokwenda Darajani Akiwa Edani

Binti yangu amepata kazi ya ualimu Makunduchi, na anakaa peke yake katika chumba cha kupanga. Aliniomba nimchagulie mchezo wa mezani, ile aina ambayo mtu anajifanya msafiri au mlinzi wa lango, na hadithi inakwenda kwa maswali na dadu. Sharti lake lilikuwa moja: uwe wa mtu mmoja, au wawili shoga yake akija kumtembelea. Mingi ya michezo hiyo inataka watu wanne au watano, naye hao hana.

Mimi sikusoma sana shuleni. Nilichonacho nimekipata kwa kamusi na subira. Basi nilichapisha kanuni za michezo kadhaa, nikazisoma moja moja, na kila mchezo niliucheza mwenyewe kabla ya kuamua kama unamfaa. Katika mmoja nilikuta maelekezo kwamba mchezaji aliye peke yake aulize swali lake kwa sauti, kisha atupe dadu zimjibu. Niliiweka ile karatasi chini. Mchezo huo naujua, rafiki yangu. Niliucheza nikiwa darasa la pili, nyumbani kwa bibi yangu, Mkunazini, mwaka aliofariki babu.

Bibi alikuwa amekaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane. Hakutoka, hakujifukiza udi wala hakuvaa asumini, na kanga zake zilikuwa zile kuukuu za kazi. Nyumba iliyozoea kunukia ilibaki na harufu ya nazi iliyokunwa na chokaa yenye unyevu. Nikitoka chuoni kusoma Kurani nilipelekwa kukaa naye, kwa kuwa watu wa matanga walikwisha kurudi makwao.

Alasiri moja, akichambua mchele kwenye ungo, aliniambia, "Leo nnakwenda Darajani."

Nilishtuka, maana nilikwisha kuambiwa kwamba haruhusiwi kutoka.

"Nnakwenda nikiwa papa hapa," akasema. "We ndiye mji. Mimi nnapita, we waniambia nnachokikuta."

Alitoa kauri nne katika kopo la vifungo. Swali likiwa gumu, nilizitupa mkekani. Midomo iliyotazama juu ikizidi, jibu ni ndiyo. Migongo ikizidi, hapana. Zikiwa nusu kwa nusu, ni ndiyo yenye matatizo. Basi alipita vichochoroni, akasalimiwa, akafika sokoni akasimama kwenye meza ya samaki, akamgusa changu mmoja.

"Changu huyu wa leo?"

"Wa leo, Bibi."

"Mbona jicho lake la juzi?"

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika.

Haukupita muda akaniambia kwa nini hasa alitaka kutoka. Babu alikuwa fundi wa vyerehani, na kijiduka chake kilikuwa nyuma ya soko. Aliangukia humo humo dukani, akapelekwa hospitali, na bibi alipomwona tena alikuwa keshavikwa sanda. Mazikoni hakwenda, kwani kwetu wanawake hawaendi. "Nataka nifike dukani kwake," alisema, "unambie nnakuta nini." Tangu hapo kila safari yetu ilielekea huko, na kila mara kauri zilimzuia: mara mvua, mara gari la ng'ombe limeziba njia. Hakubishana nazo hata siku moja. "Zishasema," alikuwa akisema. "Turudi." Mimi ningezigeuza kwa kidole nimpitishe, lakini alikuwa akiutazama mkono wangu.

Jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro aliingia siku moja bila kungoja jibu la hodi yake. Alikuwa amesikia kauri zikianguka, na bibi akiuliza kama njia imefunguka.

"Shoga! Uko edani unapiga ramli? Na mtoto mdogo?"

"Nnakwenda sokoni," bibi akamjibu.

"Sokoni wapi, hapo ulipokaa?"

"Nshafika. Sema, nkununulie nini?"

Jirani hakucheka. Jioni ile ile baba alipata habari kwamba mama yake anamtafuta marehemu kwa kauri. Hilo kwetu si jambo dogo. Baba alikuja, akamsikiliza bibi kwa adabu, kisha akazitia kauri katika mfuko wa shati. "Mama, najua ni mchezo. Lakini watu wanasema." Nami nikakatazwa kukaa na bibi alasiri. Nilikaa ukumbini na mbuzi yangu ya kukunia nazi, mlango wa chumba chake ukiwa umerudishwa.

Ndipo nilipomsikia akicheza peke yake. Aliuliza kwa sauti yake, akajibu kwa sauti nyembamba iliyofanana na yangu. Njia iko wazi? Iko wazi, Bibi. Mvua? Hakuna. Alijipa kila alichokitaka, akapita soko zima bila kizuizi. Akifika nyuma ya soko aliuliza, "Yumo?" Swali hilo hakuweza kujijibu mwenyewe. Nilisimama na kifuu mkononi, nami sikuwa na ruhusa ya kumjibu.

Jirani naye alisikia. Safari hii alimfuata baba mwenyewe. "Mwanangu, mrudishie mjukuu wake. Mama yako anajisemesha." Baba alimwuliza mwalimu wa chuo, na mwalimu akasema kwamba mchezo usiodai kujua ya ghaibu si ramli, ila kauri ziachwe, zisizue maneno. Nikarudi chumbani bila kauri. Sasa jibu lilikuwa langu peke yangu.

Bibi alingoja mpaka eda ilipokaribia kwisha. Siku hiyo hakuzungumza na wauza samaki. Alipita moja kwa moja.

"Mjukuu wangu."

"Naam, Bibi."

"Nshafika dukani. Yumo?"

Nilitazama mikono yake juu ya ungo. Nikisema yumo, nimemdanganya. Nikisema kafa, hilo alilijua, na hakuja mpaka huko kusikia hilo. Nikamjibu, "Kalaza kiti mlangoni, Bibi."

Enzi hizo mwenye duka akienda msikitini hakufunga. Alilaza kiti au fimbo tu mlangoni, bidhaa zikabaki wazi, na kila mpitaji akaelewa.

Bibi aliuweka ungo chini. "Kenda kuswali," akasema.

"Naam."

"Basi tusimtie haraka." Akasimama, akaenda kutia udhu.

Hatukucheza tena. Eda ilipokwisha alikwenda Darajani kwa miguu yake, akanunua samaki, akarudi kwa njia nyingine isiyopita dukani.

Kijiduka kile sasa kinauza ndala na miwani ya jua, na kina mlango wa chuma wa kukunja. Adhana ikitoka, kijana wa duka huuteremsha na kutia kufuli mbili, na simlaumu, mji umejaa watu wasiojuana. Lakini mtu akipita hapo wakati wa swala na kuuliza aliko mwenye duka, mlango ule haumwambii lolote.