Sombe Iliyomponza Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini kaunti, huku ughaibuni, Msimamizi alinipa fomu nene na onyo moja: "Andika unachokiona, si unachohurumia." Kazi yetu ilikuwa tathmini. Unamtembelea mzee kwake, unauliza kama anaweza kuoga, kuvaa, kupika, kisha kaunti inaamua kumlipia msaidizi wa saa ngapi kwa wiki. Ukionekana unajiweza, hupati hata moja.

Tukaenda Saint Louis Park kwa Mama Furaha, mjane kutoka Kivu. Binti yake alishatueleza kwa simu: magoti yamekwisha, kuoga ni kushikwa, na bila msaidizi mama atahamishiwa nyumba ya wazee. Tukabisha hodi. Lo! Akafungua bibi aliyevaa kitenge cha harusi, mkono mmoja ukutani. Mezani sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki.

"Mama, unaweza kupika?" nikauliza alipoketi.

"We mwanangu, hiyo sombe unakula, nani amepika?"

Mwongo! Sufuria ilikuwa na jina la binti yake.

"Na kuoga?"

"Niko muzima, aksanti Mungu. Nafanya byote mi mwenyewe."

Nikamtafsiria Msimamizi, asiyejua Kiswahili, moyo ukiniuma. Msimamizi akaweka alama ya "anajiweza" kila mahali, huku akijiongezea samaki. Ningemlaumuje mama? Hata kwetu Kisii, mgeni haonyeshwi shida za nyumba.

Tukaaga. Sasa, mgeni husindikizwa, haki ya Mungu. Mama Furaha akajiinua, kochi likamrudisha. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu kilemba kikaanguka, naye akabaki akihema, machozi yakimlengalenga.

"Bosi," nikasema, "andika unachokiona."

Msimamizi akaketi, akafungua fomu upya. Mama akapata saa zake na akabaki kwake. Mimi alininunia mwaka mzima: "Weye uliniaibisha mbele ya mugeni!"

Nimestaafu, naishi Apple Valley, na nyonga hii ni mzigo. Wiki jana kaunti walinitumia msichana wa kwetu kunifanyia tathmini. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, chapati mezani, mkongojo nimeuficha nyuma ya kochi. Kila alichouliza, nikajibu, "Bila shida."

Akafunga fomu, akafika mlangoni, akageuka.

"Mama, kwani hunisindikizi?"

Nilijaribu kuinuka mara mbili. Kisha nikacheka mpaka nikalia.

"Rudi uketi, mwanangu," nikamwambia. "Fungua hiyo fomu."