Aliyetia Chumvi

Kwa miaka minane Nasipwondi alikaanga samaki katika mkahawa mmoja mjini Kisumu, na kwa miaka hiyo yote hakuna mkono mwingine uliogusa karai lake. Kazi ile ilikuwa hivyo. Oda ikisomwa dirishani, yeye anajibu, "Ngege wawili, nimesikia!" na mwenye ugali anajibu lake. Sahani ikirudi, kila mtu anajua imerudishwa kwa kosa la nani. Joto lilikuwepo, matusi yalikuwepo, miguu ilivimba. Siri haikuwepo.

Jengo lilipobomolewa, alichukuliwa na Seline Oduor, mpishi wa sherehe ambaye watu walimwita Mama Elsie. Mama huyo hakumuuliza alikopikia. Alimpa kijiko cha mchuzi tu.

"Onja. Una kasoro gani?"

"Tangawizi imezidi, Mama. Na vitunguu havikuiva."

"Jumamosi tuna mazishi Sondu. Njoo na aproni yako."

Nasipwondi alirudi nyumbani na wasiwasi. Kazi inayopatikana upesi hivyo, aliyeiacha alikimbia nini?

Huko Sondu walipika chini ya turubai, kwa kuni, kwenye sufuria ambazo mtoto angeweza kuogeshwa ndani yake. Hapakuwa na oda. Unapika asubuhi, watu mia nne wanakula saa tisa, na nyuso zao huzioni. Tena kila mtu anaingia: shangazi za marehemu, mke wa mchungaji, mtu anayetafuta maji ya moto. Nasipwondi alipewa nyama. Aliitia chumvi, akaionja, akaridhika, akaenda kuosha sukuma wiki. Aliporudi, kifuniko kilikuwa kimesukumwa upande. Alionja tena, na chumvi ikamkwaruza koo.

Aliiokoa kwa viazi na maji. Jicho lake lilimwangukia Okinyi, aliyetunza moto hatua mbili tu kutoka pale. Asubuhi, ndani ya pikapu, alikuwa amesikia kwamba Okinyi alitaka nafasi hiyo apewe dada yake, Lorine.

Wiki iliyofuata, kwenye harambee ya kanisa, ikawa zamu ya maharagwe kuzidi chumvi. Tangu siku hiyo Nasipwondi hakunywa chai iliyomiminwa na Okinyi. Alibeba chumvi yake ndani ya mkoba, na alikata vitunguu akiwa amegeukia moto.

"Dada, mbona unaniangalia hivyo?" Okinyi aliuliza.

"Nakuangalia vipi?"

"Kama mtu aliyepoteza kuku."

Mambo yalilipuka Port Victoria, kwenye harusi. Mchuzi wa samaki, mbuta wa ziwani, ulikuwa chumvi tupu, na safari hii Nasipwondi hakuweza kujizuia.

"Okinyi, hii chumvi ni yako! Unataka nifukuzwe ndio Lorine aingie."

Okinyi aliweka chini gogo alilokuwa amebeba. "Lorine ako Nairobi tangu Aprili. Alipata kazi. Mimi nimekaa na Mama Elsie miaka sita. Nikitaka ufukuzwe, si ningemwambia tu?" Akavua aproni, akaenda kukaa kando ya pikapu.

Maneno yalikwishavuka turubai. Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja aliyeitwa Nabututu, aliingia amejishika kiuno.

"Ati kuna mtu anatia kitu kwa chakula?"

"Ni chumvi tu, Mama."

"Leo chumvi, kesho nini? Kula kwanza, tukuone."

Nasipwondi alikula kijiko kutoka kila sufuria, mbele ya wanawake sita waliomtazama koo likimeza. Wali ulikuwa sawa. Kuku alikuwa sawa kabisa. Mchuzi wa samaki aliomba muda aurekebishe, wakamruhusu, wakatoka bila kutabasamu.

Alienda nyuma kuchukua viazi. Aliporudi, kwenye mwanya wa turubai, alimwona Mama Elsie peke yake, amefunua sufuria ya kuku. Alionja. Akakunja uso. Akaonja tena, akakitazama kijiko kana kwamba hakikuwa na kitu. Kisha akachota chumvi kwa mkono.

"Mama Elsie."

Mkono ulisimama hewani.

"Hii kuku haina ladha," Mama Elsie alisema.

"Inayo. Nimeila sasa hivi mbele ya shangazi yao."

Mama Elsie alirudisha chumvi kwenye bakuli na kukaa juu ya kreti. Alizungumza akiangalia mikono yake. Mwaka uliopita aliugua, akapona, lakini ulimi haukupona. Chai, samaki, dawa, yote kwake yalikuwa maji ya moto.

"Nani ataita mpishi asiyeweza kuonja? Nilikuchukua uwe ulimi wangu."

"Basi mbona unatia tena?"

"Sikukuamini. Umetoka mkahawani, umezoea sahani moja moja. Nilifikiri unaogopa sufuria kubwa, unatia kidogo."

"Na ukaniacha nimtukane mtu wa watu."

Nasipwondi alimwonyesha upande wa pikapu. "Nenda umwambie wewe mwenyewe. Mimi narekebisha samaki."

Hakuyasikia waliyozungumza. Aliona tu Okinyi akiinamisha kichwa kwa muda mrefu, kisha akirudi kufunga aproni yake. Chakula kilitoka, na Nabututu alirudi mara mbili kuongeza kuku. Nasipwondi alipoomba msamaha, Okinyi alisema, "Sawa," lakini hakumsemesha tena mpaka Kisumu, wala wiki mbili zilizofuata.

Mwezi wa Agosti mkahawa mpya ulimwita Nasipwondi: karai lake mwenyewe, oda dirishani. Alifikiria siku tatu. Mwishowe alimwambia Mama Elsie kwamba atabaki, kwa sharti moja. Kila sufuria iwe na mwenyewe mmoja, jina liandikwe kwa chaki kwenye kifuniko, na asiguse mwingine, hata tajiri wa kazi.

Mama Elsie alikubali. Kwenye sherehe ya kwanza Okinyi aliomba sufuria ya wali, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akakaa kando yake amekunja mikono. Nasipwondi akaja na kijiko chake.

"Omba kwanza," Okinyi akasema.

"Naomba kuonja, Bwana Okinyi."

Okinyi alimtazama kidogo, kisha akafunua sufuria.